Neno "Bloom": Maana Zake Nyingi na Kazi Yake Shambani

Wakulima wa Borabu, na wa Kisii na Nyamira kwa jumla, hupata maandishi mengi ya kilimo yaliyopigwa chapa kwa Kiingereza. Yako kwenye chupa ya dawa, kwenye kijitabu cha mbegu, na hata juu ya pakiti ya mbegu za majani ya ng'ombe. Katika maandishi hayo kuna neno moja dogo lirudilo mara kwa mara, nalo ni "bloom". Mtoto wa shule akiulizwa maana yake atajibu upesi kwamba ni ua, au kuchanua. Hakukosa. Lakini jibu hilo halitoshi shambani. Mwingereza hulitumia neno hilo kwa ua lenyewe, na kwa wakati wa ua, na kwa ungaunga mweupe juu ya kabichi, na kwa utando wa yai, na kwa mng'ao wa majani ya chai, tena kwa maji ya ziwa yaliyogeuka rangi ya kijani. Mkulima anayetafsiri "ua" kila mahali huenda akaharibu mali yake kwa mikono yake mwenyewe.

Tusiwacheke Waingereza kwa hayo. Neno letu "ua" ni ua la bustani, tena ni ua linalozunguka nyumba, na ukimwambia mtu "Ua!" huenda akakimbilia rungu. Kila lugha ina maneno yanayobebeshwa mizigo mingi kuliko mengine. Hata donge la chuma lililotoka katika tanuru ya mhunzi wa zamani, kabla halijafuliwa kuwa jembe, Mwingereza huliita "bloom". Wahaya wa ng'ambo ya ziwa, katika Tanzania, waliyafua madonge ya namna hiyo kwa karne nyingi. Maana hiyo naitaja tu ili msishangae mkiiona katika kamusi. Haituhusu zaidi.

Maana inayotuhusu kwanza ni ile ya ua lililofunguka. Hapa jambo kubwa ni kujua limefunguka kiasi gani. Mwingereza husema "early bloom" maua yanapoanza tu, na "full bloom" maua yanapokuwa yamefunguka kweli kweli. Tofauti kati ya maneno hayo mawili ni fedha.

Chukueni pareto. Mmea huu uliletwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na katika miaka ya 1950 wakulima wa Kisii walianza kuupanda katika sehemu za juu zenye baridi. Ulisomesha watoto wengi. Baadaye, katika miaka ya 2000, malipo yalipochelewa sana, watu wengi waliing'oa pareto wakapanda vitu vingine. Lakini wako wanaoipanda, na wako waliorudi kuipanda, na kwao maneno haya yana kazi.

Sumu ya pareto inayoua wadudu haimo katika petali nyeupe ambazo kila mtu huzitazama. Sehemu kubwa yake imo katika vijibegu vidogo vilivyo ndani ya kichwa cha ua, chini ya vijiua vya manjano vya katikati. Kwa hiyo ua likichumwa bado limefumba, vijibegu havijajaa sumu. Likiachwa mpaka petali zikainama na kunyauka, sumu inapungua na vijibegu vinaanza kupukutika. Wakati ufaao ni pale petali nyeupe zimelala sawasawa kama sahani, na vijiua vya manjano vimefunguka mistari mitatu au minne kutoka ukingoni kuelekea katikati. Tazameni katikati ya ua, msitazame weupe wake. Mtoto aliyeambiwa tu "chuma yaliyochanua" atachuma yote yenye weupe, na gunia litajaa upesi, lakini dawa iliyomo itakuwa kidogo. Mnunuzi anayepima nguvu ya dawa hatalipa kwa ajili ya petali.

Maua hayafunguki yote siku moja. Yafaa mrudi shambani kila baada ya wiki mbili au tatu, mchume yaliyofika tu, bila kikonyo. Kisha yaanikeni siku hiyo hiyo, yametandazwa kwa unene mdogo. Maua mabichi yakirundikwa ndani ya gunia usiku mmoja hupata joto na kuvunda, na kazi yote ya kuhesabu mistari ya manjano imekwenda bure.

Sasa geukeni kwenye majani ya ng'ombe, mkaone neno lile lile likitoa amri nyingine kabisa. Mashamba ya Borabu yaliyogawanywa mwanzoni mwa miaka ya 1960 yamekuwa na ng'ombe wa maziwa tangu mwanzo, na wenye ng'ombe wengi hupanda lusini, au nyasi za Rhodes za kukausha. Kijitabu cha lusini husema ikatwe inapofika "one-tenth bloom". Nimeulizwa habari ya maneno haya zaidi ya mara moja. Mzee mmoja aliyafahamu kwamba akate sehemu moja ya kumi ya shamba lake, aache tisa. Hakuwa mjinga mzee huyo. Maneno yenyewe ndiyo yamefungwa kama fumbo. Maana yake ni kwamba katika kila mashina kumi ya lusini, shina moja limekwisha kutoa ua. Ingieni shambani, mtembee kutoka pembe hii hadi pembe ile, mkihesabu mashina mahali mahali. Mkiona moja katika kumi lina ua, noeni panga.

Sababu yake ni hii. Mmea unapotoa ua huanza kuitumikia mbegu. Shina linakuwa gumu kama kijiti, majani ya chini yanadondoka, na chakula cha kujenga mwili kilichomo ndani yake kinapungua. Ng'ombe atakula akajaza tumbo, na ndoo ya maziwa itabaki nusu. Lakini mkikata mapema mno, kabla ya ua lolote, mizizi haijapata kuweka akiba ya kuchipua tena, na baada ya kukata hivyo mara kadhaa shamba linadhoofika. Ndiyo maana pareto hungojewa ifunguke, na lusini haingojewi. Nyasi za Rhodes nazo zikatwe vichwa vyake vinapoanza tu kutokeza, zisiachwe mpaka shamba zima ligeuke rangi ya kahawia likapendeza machoni. Shamba la namna hiyo ni zuri kwa kupigwa picha.

Neno hili pia hutokea kwenye karatasi za dawa, na hapo kosa ni zito zaidi. Karatasi nyingi za dawa za wadudu husema zisinyunyizwe wakati wa "bloom". Baadhi ya wakulima hudhani maana yake ni kwamba dawa itaunguza maua. Huenda ikawa hivyo kwa dawa fulani, lakini sababu kubwa ni nyuki. Ua lililofunguka ni meza ya nyuki, na mkulima anayelipulizia dawa saa nne za asubuhi amewawekea wageni wake sumu mezani. Nyuki wakifa, hakuna wa kubeba chavua kutoka ua hadi ua, na matunda hayashiki.

Mwenye maparachichi alisikie hili vizuri, maana siku hizi parachichi la Hass limeenea katika vilima vyetu. Ua la parachichi lina tabia ya ajabu. Hufunguka mara mbili. Mara ya kwanza hufunguka kama ua la kike, likiwa tayari kupokea chavua, kisha likajifunga. Siku ya pili hufunguka tena, safari hii kama ua la kiume, likitoa chavua. Hass hufunguka kike asubuhi, na kiume mchana wa siku ya pili. Fuerte hufanya kinyume chake: kike mchana, kiume asubuhi ya kesho yake. Kwa hiyo miti michache ya Fuerte karibu na Hass husaidia, kwa kuwa asubuhi Hass anapongoja chavua, Fuerte anayo. Lakini chavua hiyo haina miguu. Huchukuliwa na nyuki na wadudu wengine warukao, na mwenye kuwaua nyuki katika majuma ya maua asimlaumu muuza miche.

Karatasi hizo hutumia maneno matatu mnayopaswa kuyatenganisha. "Pre-bloom" ni kabla ua halijafunguka, likiwa bado kidole kilichofumba. "Full bloom" tumekwisha kulieleza. "Petal fall" ni wakati petali zinapodondoka na kitunda kidogo kimeanza kuonekana. Dawa ya wadudu ikiruhusiwa katika wakati wa kwanza na wa tatu, haina ruhusa katika wa pili. Ikibidi kabisa kunyunyiza, na karatasi ya dawa haikatazi, subirini jioni nyuki wanapokuwa wamerudi mzingani. Kisha tazameni chini ya miti pia. Magugu yenye maua huvuta nyuki sawa na miti yenyewe. Fyekeni magugu hayo kabla ya siku ya dawa. Jambo hili husahauliwa sana.

"Bloom" ana ndugu aitwaye "blossom", ambaye mara nyingi husemwa kwa maua ya miti ya matunda. Huyu ndugu amewatia wauzaji wa nyanya hasara. Kuna ugonjwa uitwao "blossom-end rot". Watu huona neno la ua na neno la kuoza, wakafikiri ni ukungu ulioingia uani, wakakimbilia dukani kununua dawa ya ukungu. Kumbe "blossom-end" ni upande wa tunda ulikokuwa ua, yaani kitako cha nyanya. Kitako hicho huwa na doa jeusi lililobonyea, kavu kama ngozi. Hapo hapana ukungu wa kuuawa. Tunda limekosa madini ya kalisi wakati lilipokuwa likikua, na mara nyingi sababu ni maji: leo shamba limefurika, wiki mbili halikupata tone. Kalisi hupanda na maji, na maji yakikatika nayo hukatika. Mbolea nyingi mno ya kukuzia majani huongeza shida. Dawa yake ni kumwagilia kwa kipimo kile kile siku zote, kufunika udongo kwa majani makavu, na kutia chokaa kabla ya kupanda ikiwa udongo umepimwa ukaonekana mchungu, kama ulivyo udongo mwingi wa kwetu. Fedha ya dawa ya ukungu ibaki mfukoni.

Hizo zote ni habari za ua. Sasa tufike mahali ambapo "bloom" si ua hata kidogo.

Shikeni jani la kabichi au la sukuma wiki mapema asubuhi. Mtaona juu yake kitu cheupe chenye rangi ya majivu, kama vumbi laini. Ni nta ambayo mmea umejipaka wenyewe, na Mwingereza huiita "bloom". Zabibu na plamu zinayo pia. Nta hiyo huzuia maji ya jani yasikauke upesi, na huzuia vijidudu vya magonjwa visipate mahali pa kushika. Nimemwona mkulima akipulizia kabichi nzuri kabisa dawa ya ukungu, kwa kuwa aliambiwa weupe ule ni ubwiri unga. Njia ya kutofautisha ni rahisi. Sugueni jani kwa kidole gumba. Nta imeenea sawasawa juu ya majani yote, hata machanga, na ikitoka jani la chini yake ni kijani safi lenye afya. Ubwiri unga huanza kwa mabaka mabaka, hasa kwenye majani yaliyokomaa, na baadaye jani hugeuka manjano. Nta hiyo hiyo ndiyo inayofanya maji ya dawa yaviringike na kudondoka kama shanga. Kwa hiyo dawa ya viwavi ikinyunyizwa juu ya kabichi bila kitu cha kuifanya ishike, nyingi huishia ardhini. Muulizeni Bwana Shamba au Bibi Shamba wenu ni kitu gani kifaacho kuchanganywa na dawa mliyo nayo.

Yai nalo lina "bloom" yake. Kuku anapotaga, yai hutoka na utando mwembamba wenye unyevu ambao hukauka mara moja na kuziba vitundu vya ganda, ambavyo ni maelfu. Mtu anayetaka mayai yake yang'ae sokoni huyaosha kwa maji baridi ya kisima. Ameuondoa mlango, kisha maji baridi yanafanya vilivyomo ndani ya yai visinyae na kuvuta uchafu kupitia vitundu vile. Yai la namna hiyo haliwekeki siku nyingi, wala halifai kuatamiwa. Yai lenye uchafu kidogo lipanguswe kwa kitambaa kikavu. Bora zaidi ni kubadili nyasi za kiota mara kwa mara, ili kusiwe na uchafu wa kupangusa.

Kwenye chai maneno haya yamefanya mchezo. Mwonjaji wa chai akisema chai kavu ina "bloom", anasifu mng'ao wa majani yake, kwamba hayakusuguliwa wala kuchekechwa kupita kiasi kiwandani. Na katika chai za majani marefu kuna madaraja yenye neno "flowery", yaani yenye maua. Hamna ua hata moja ndani yake. Neno hilo lahusu vichipukizi vichanga vya nchani. Chai ya kusagwa inayotoka katika viwanda vingi vya kwetu ina madaraja ya majina mengine, kama BP1 na PF1, lakini neno "flowery" hutokea katika magazeti, na mwenye chai anaweza kudhani kuacha mchai utoe maua ni jambo la sifa. Sivyo. Mchai unaotoa maua mengi mara nyingi umepata shida ya kiangazi au umeachwa bila kuchumwa, na nguvu iliyokwenda kwenye ua na mbegu imetoka kwenye majani mawili na kichipukizi, ambayo ndiyo yanayopimwa kwenye kituo cha kununulia.

Maana ya mwisho iko majini, nayo yatuhusu ingawa sisi ni watu wa vilimani. Magazeti huandika "algal bloom" katika Ziwa Victoria, hasa katika Ghuba ya Winam. Hakuna ua linaloelea. Ni mwani mdogo mno usioonekana mmoja mmoja, ulioongezeka kwa wingi hata maji yakawa mazito na ya kijani kama rangi iliyomwagwa. Unapokufa na kuoza humaliza hewa iliyo majini, na samaki hufa. Aina nyingine zina sumu, na mnyama akinywa maji hayo huenda akafa. Chakula cha mwani ni mbolea ile ile tunayoitia shambani, pamoja na maji machafu ya miji. Udongo unaochukuliwa na mvua kutoka shamba la mteremkoni huenda na mbolea yake. Mto Kuja, ambao sisi twauita Gucha, huanzia katika vilima vyetu na kuingia ziwani upande wa Migori. Maji ya sehemu nyingine za Nyamira hufuata mto Sondu mpaka Ghuba ya Winam. Mbolea mliyoinunua kwa bei ya leo, ikatiwa siku moja kabla ya mvua kubwa katika shamba lisilo na makinga maji, inakwenda kulisha mwani wa watu wengine.

Lakini mwenye bwawa la samaki nyumbani asiogope akisoma kwamba bwawa lake linahitaji "bloom". Mwani kiasi ni chakula cha perege, na ndiyo sababu huambiwa atie samadi. Kipimo ni mkono wake mwenyewe. Atumbukize mkono ulionyooka taratibu, akitazama kiganja. Kiganja kikitoweka maji yanapofika kiwikoni, mwani unatosha. Kikionekana bado wakati kiwiko kimezama, aongeze samadi kidogo. Kikitoweka kabla maji hayajakaribia kiwiko, mwani umezidi. Na akiwakuta samaki alfajiri wakihema juu ya maji na vinywa wazi, asitie samadi tena wiki hiyo, bali afungulie maji mapya yaingie mara moja.